Ngumi huanzia kisiginoni: namna ya kujenga gyaku-zuki na mae-geri

Mwambie mwanafunzi mpya wa karate apige kwa nguvu, uone anachofanya. Atakunja uso, atakaza bega, atabana meno, kisha atarusha mkono. Gi, yaani vazi la karate, litalia pwaa, lakini begi la kupigia litasogea kidogo tu. Pembeni yake kuna mama mwembamba mwenye mkanda wa kahawia. Anapiga begi lile lile bila kelele na linajikunja katikati. Mkono wa kijana huenda ni mnene mara mbili ya wa mama. Kinachomsaidia mama ni mpangilio: ameshajua kipi kinaanza, kipi kinafuata, na kipi kinakaza saa ngapi.

Mpangilio huo unafundishika, na ndio nitakaoueleza hapa kwa mapigo mawili: gyaku-zuki, yaani ngumi ya mkono wa nyuma, na mae-geri, teke la mbele. Utayakuta katika mitindo ya karate ya Shotokan, Goju-ryu, Shito-ryu na Wado-ryu, kwa tofauti ndogondogo za mtindo. Mwili wa binadamu ni ule ule kwa wote, kwa hiyo sababu za msingi hazibadiliki.

Hesabu kidogo kwanza

Mwaka 1979 wanafizikia watatu wa Marekani, Michael Feld, Ronald McNair na Stephen Wilk, walichapisha vipimo vya mapigo ya karate walivyovipata kwa kupiga picha za haraka mfululizo. Ngumi ya mbele ya mtu aliyefundishwa ilikwenda takribani mita 6 hadi 10 kwa sekunda, na teke la mbele takribani mita 10 hadi 14. McNair alijua anachokipima, kwani yeye mwenyewe alikuwa na mkanda mweusi. Ndiye yule mwanaanga aliyefariki kwenye chombo cha Challenger, Januari 1986.

Kasi peke yake haitoshi. Chukua ngumi inayokwenda mita 7 kwa sekunda. Kama nyuma yake kuna mkono tu, tuseme kilo 3, zidisha upate 21. Kama kiwiliwili kimeungana na mkono na uzito unaoshiriki umefika kilo 6, unapata 42, kwa kasi ile ile. Ikiwa ngumi hizo zote mbili zitasimamishwa ndani ya sehemu moja ya mia ya sekunda, ya kwanza inasukuma kwa wastani wa niutoni (kipimo cha kani) 2,100 na ya pili 4,200. Kilo hizo ni za mfano tu, lakini zinaonyesha kazi iliyo mbele yako. Kwanza, mkono uende haraka. Pili, unapogusa, mwili wako uwe nyuma yake. Kazi hizi mbili zinavutana, kwa sababu mkono unaenda haraka ukiwa mlegevu, na mwili unaungana nao ukiwa umekaza. Ugumu wote wa ngumi ya karate umo humo.

Hatua ya 1: Ikunje ngumi yenyewe

Nyoosha vidole vinne. Vikunje kuanzia kwenye ncha mpaka viguse mizizi yake, kisha vizungushe tena ndani ya kiganja. Kidole gumba kipite kwa nje, juu ya kidole cha shahada na cha kati. Ukikificha ndani ya ngumi utakivunja.

Sehemu inayogusa inaitwa seiken, nayo ni vifundo viwili vikubwa, cha shahada na cha kati. Fanya jaribio hili sasa hivi. Kwa mkono wa pili, shika kifundo cha kidole cha mwisho ukisukume mbele na nyuma. Kinacheza. Kisha shika cha kidole cha shahada. Hakichezi kabisa. Mifupa ya kiganja inayobeba vidole viwili vya kwanza imefungamana imara na mifupa midogo ya kifundo cha mkono, na kutoka hapo mzigo unapita moja kwa moja hadi kwenye mfupa mnene wa kigasha. Mfupa wa kidole cha mwisho hauna egemeo hilo, ndiyo maana ukigonga kwa upande wake unavunjika karibu na kichwa chake. Ni jeraha la kawaida sana kwa vijana wanaopiga ukuta kwa hasira.

Kuhakikisha kifundo cha mkono kimenyooka, piga magoti juu ya mkeka, weka ngumi mbili chini kwa seiken tu, kisha egemea polepole. Ngumi ikilala upande wowote utajua mara moja. Kaa hivyo kwa pumzi kumi. Zoezi hili ni dogo, lakini mtu asiyeweza kulifanya bado hajafika wakati wa kupiga kitu kigumu.

Hatua ya 2: Simama mahali unapoweza kusukuma

Jaribu kupiga ngumi ukiwa umesimama kwenye vigae vilivyomwagika maji ya sabuni. Miguu itateleza kurudi nyuma na ngumi itakufa njiani. Unachosukuma kwa kweli ni sakafu: wewe unaisukuma nyuma, nayo inakusukuma mbele kwa kani ile ile. Mahali pasipo na msuguano hakuna ngumi.

Mkao tutakaoutumia ni zenkutsu-dachi. Weka mguu wa kushoto mbele na wa kulia nyuma, urefu kama mara mbili ya upana wa mabega yako. Goti la mbele likunjike hadi liwe juu ya vidole, na uzito zaidi kidogo ya nusu uwe mbele. Kutoka kushoto kwenda kulia, acha nafasi ya upana wa mabega. Wengi hukosea hapa. Wanapanga miguu kwenye mstari mmoja kama mtu anayetembea juu ya kamba, na mtu akisimama hivyo nyonga haina pa kuzungukia, na akigusa tu kitu anayumba.

Vidole vya mguu wa nyuma vielekee mbele kadiri kifundo cha mguu kinavyoruhusu. Vikitazama pembeni kabisa, nguvu ya msukumo inatoka upande na goti la nyuma linajipinda.

Hatua ya 3: Kisigino, nyonga, breki

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo muda mrefu. Miezi, ikibidi.

Anza nyonga ikiwa imegeuka nusu, mkao unaoitwa hanmi: nyonga ya kulia iko nyuma, kifua kinatazama pembeni kidogo. Mikono iache kabisa, ining'inie. Sasa sukuma sakafu kwa kisigino cha kulia, mguu wa nyuma unyooke, na uache msukumo huo uilete nyonga ya kulia mbele mpaka itazame mbele sawasawa. Usiizungushe nyonga kwa kuamua tu. Iache iletwe na mguu. Utajua umepatia pale mikono inayoning'inia itakapozunguka yenyewe na kukupiga mapajani kama mikono ya ngoma ya den-den ya Kijapani, ile yenye shanga mbili zinazogonga kila upande unapozungusha mpini.

Halafu kuna breki, jambo ambalo hata wenye mikanda ya juu huwa hawalielezi. Nyonga ikifika mbele lazima isimame ghafla, na anayeisimamisha ni mguu wa mbele. Sehemu ya chini ikisimama ghafla, sehemu ya juu hurushwa mbele kwa kasi zaidi, kama abiria aliyesimama ndani ya daladala dereva anapokanyaga breki.

Tazama video ya Julius Yego wa Kenya akirusha mkuki mita 92.72 jijini Beijing mwaka 2015, mrusho uliompa ubingwa wa dunia. Usiutazame mkono kwanza, tazama mguu wa kushoto anaoupanda mbele. Mguu ule unasimamisha nyonga, na kasi yote aliyokuja nayo kutoka mbioni inapanda kwenye kiwiliwili, bega, kiwiko, hadi kwenye mkuki. Gyaku-zuki ni mtiririko huo huo kwenye nafasi ya hatua moja. Goti lako la mbele likiyumba au likisogea mbele wakati wa kupiga, breki haipo, na sehemu kubwa ya uliyoyapata ardhini yamevuja hapo.

Fanya marudio thelathini bila mikono kabla hujagusa Hatua ya 4.

Hatua ya 4: Uachie mkono

Ngumi ya kulia ikae ubavuni, kiganja kikitazama juu, kiwiko nyuma. Nyonga inapokaribia mwisho wa safari yake, ndipo mkono unaondoka. Kiwiko kipite kikiugusa ubavu, ili kigasha kibaki nyuma ya ngumi muda wote. Kiwiko kikitoka nje, ngumi inakuja kwa mzunguko na kifundo cha mkono kinapokea mzigo kwa pembe mbaya. Kuzungusha ngumi hadi kiganja kitazame chini kunakuja mwishoni kabisa, sentimita chache za mwisho. Ukizungusha mapema, kiwiko kinanyanyuka chenyewe.

Mkono uwe mlegevu tangu ubavuni hadi karibu na kugusa. Misuli ya mbele ya mkono wa juu, ile ya kuonyeshea nguvu, kazi yake ni kukunja kiwiko. Ukiikaza wakati unanyoosha kiwiko unajipiga breki mwenyewe. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walipima umeme wa misuli ya wapiganaji mahiri na kuona vilele viwili: misuli inakaza mwanzoni ili kuanzisha mwendo, inalegea katikati ili kasi ikue, kisha inakaza tena wakati wa kugusa. Kilele hicho cha pili ndicho walimu wa Japani wanachokiita kime. Ni cha muda mfupi mno, kufumba jicho ni kurefu zaidi. Anayebaki amekaza baada ya ngumi kufika, akitetemeka kuonyesha nguvu, amekosea maana ya kime.

Utafiti mwingine wa mwaka 2012, uliofanyika London, ulilinganisha watu 12 wenye mikanda myeusi na 12 wasiojua karate. Wote walipiga ngumi kutoka umbali wa sentimita 5 tu. Wenye mikanda walipiga kwa nguvu zaidi, na tofauti hiyo ilihusiana na namna mwendo wa bega na wa kifundo cha mkono ulivyopangwa kwa wakati.  Naupenda utafiti huu kwa sababu unawapa moyo wanafunzi wembamba na wazee: wakati sahihi unajengeka kwa marudio, katika umri wowote.

Kuhusu hikite, mkono unaorudi ubavuni wakati mwingine unapiga. Wapo wanaosema kuuvuta kwa nguvu kunaongeza nguvu ya ngumi. Mimi sikubaliani nao sana. Unasaidia mabega yazunguke pamoja na nyonga, na mwanafunzi mpya anauhitaji kwa hilo. Lakini matumizi yake ya kweli yako kwenye bunkai, yaani kutumia miondoko ya mazoezi dhidi ya mpinzani, pale unapokuwa umeshika mkono wa mpinzani au nguo yake na kumvuta aingie kwenye ngumi. Kwenye kumite, yaani pambano, irudishe ngumi hiyo karibu na kidevu.

Toa pumzi unapogusa, fupi, kutoka tumboni. Misuli ya tumbo ikikaza pamoja na pumzi, kiwiliwili kinakuwa kama nguzo na mzigo unapita bila kukatika kiunoni. Kiai, ule ukelele wa karate, hufanya kazi hiyo hiyo kwa sauti.

Hatua ya 5: Rekebisha umbali

Ngumi haiko kwenye kasi yake kubwa zaidi mkono unapokuwa umenyooka. Inafikia kilele mkono ukiwa umenyooka kwa takribani asilimia 70 hadi 75, kisha inapungua, kwa sababu mwili wenyewe unaanza kuisimamisha ili kiwiko kisiumie. Maana yake lengo lako linapaswa kuwepo kabla mkono haujaisha, na ngumi iendelee kupenya ndani yake sentimita kadhaa.

Hapa ndipo mazoezi ya hewani yanapotudanganya. Tunapiga ngumi mia hewani, mkono ukinyooka mpaka mwisho, na mwili unajifunza kwamba lengo liko pale kasi inapokuwa imekufa. Halafu tunashangaa begi halisogei. Kibaya zaidi, anayepiga hewani na kuruhusu kiwiko kifunge kwa kishindo anakula kiungo chake polepole. Simamisha mkono hewani ukiwa bado umebakiza kidogo, na kila kipindi upige kitu cha kweli hata mara ishirini.

Kama huna begi la dukani, chukua gunia imara, lijaze matambara na nguo kuukuu ukishindilia. Usijaze mchanga. Mchanga unashuka chini na kuwa mgumu kama jiwe, na siku utakapoteleza ukapiga chini utakumbuka maneno haya. Makiwara ya Okinawa, ule ubao uliosimikwa ardhini na kufungwa kamba ya majani ya mpunga, ina jambo ambalo gunia halina: inarudisha. Inakataa ngumi zaidi kadiri unavyoisukuma, na mkao wako ukiwa na ufa popote inakusukuma wewe. Ubao wake lazima upinde. Ubao usiopinda ni ukuta. Anza na ngumi nyepesi kumi kila mkono, uache siku ya kupumzika katikati, kwa sababu mfupa hujiimarisha taratibu kuliko misuli. Sugu kwenye vifundo si kipimo cha lolote. Watoto wasipigishwe makiwara kabisa: mifupa yao bado ina sehemu laini za kukulia.

Mae-geri: goti kwanza

Watu wetu wengi wanajua kupiga teke kabla hawajaingia dojo, ukumbi wa mazoezi: teke la mpira. Ni tatizo. Kwenye mpira unanyoosha vidole na kugonga kwa mgongo wa unyayo, na mguu unapita kwa mzunguko kutoka chini. Kwenye mae-geri vidole vinavutwa juu, unagusa kwa koshi, ile nyama nene iliyo chini ya mizizi ya vidole, na mguu unakwenda mbele kama ngumi. Ukisahau kuvuta vidole, kidole gumba ndicho kitakachofika kwanza.

Teke lina sehemu nne, na mwanzoni zifanye ukisimama kwenye kila moja, mkono mmoja ukiwa ukutani.

Kunja. Nyanyua goti juu, kisigino kikiwa karibu na tako. Mguu uliokunjwa ni mwepesi kuuzungusha kwenye nyonga kuliko ulionyooka, ingawa uzito wake ni ule ule. Tena msuli mkubwa wa mbele ya paja unapita juu ya nyonga na juu ya goti, hivyo goti linapokunjwa sana msuli unavutika kama mpira wa manati.

Elekeza. Goti lionyeshe lengo. Likielekea chini, teke litakwenda chini, hakuna namna ya kulisahihisha njiani.

Achia. Paja linapokaribia kusimama, ugoko unaruka mbele. Unaiona breki tena: paja linasimama, kasi inahamia kwenye ugoko na unyayo. Wakati huo huo sukuma nyonga mbele sentimita chache. Bila nyonga unapata teke la haraka linalogusa na kurudi. Pamoja na nyonga unapata teke linalomrudisha mtu nyuma.

Rudisha. Hikiashi, kuuvuta mguu, ifanyike haraka kama kupiga. Mguu usiorudi unadakwa, na mtu anayeuacha mguu uanguke mbele anaanguka nao.

Mguu unaosimama una kazi nzito kuliko unaopiga. Goti lake libaki limekunjika kidogo na unyayo wote ubaki chini. Kisigino kikinyanyuka, unasukuma dunia kwa eneo dogo la vidole, na teke zito litakurudisha wewe. Mgongo nao usilale nyuma. Wengi hulala nyuma kwa sababu misuli ya nyuma ya paja imekaza na hairuhusu mguu upande. Dawa yake ni kupiga chini zaidi, usawa wa tumbo, huku ukiinyoosha misuli hiyo kila siku baada ya mazoezi.

Kwa anayeshindwa kuacha teke la mpira: weka ndoo ya lita ishirini mbele ya lengo, katikati yako na begi. Teke la mzunguko wa chini litaigonga. Mguu utakaopita juu ya ndoo na kulifikia begi umepita kwenye goti.

Kuhusu mawashi-geri, teke la kuzungusha kutoka pembeni, nitasema neno moja tu. Mguu unaosimama lazima ugeuke, kisigino kielekee upande wa lengo. Usipogeuka, nyonga inazunguka juu ya goti lililofungwa, na kano za ndani ya goti ndizo zinazokatika. Kuwa mwangalifu zaidi ukivaa viatu vya raba kwenye sakafu inayoshika.

Jitazame

Siamini sana kioo, kwa sababu ukijitazama unageuza shingo na mkao wote unaharibika. Tumia simu. Iweke pembeni, usawa wa kiuno, na uchague mwendo wa polepole. Kwa video ya kawaida ya picha 30 kwa sekunda, ngumi ya mita 7 kwa sekunda inaruka zaidi ya sentimita 20 kati ya picha moja na nyingine, kwa hiyo hutaona kitu. Kwa picha 240, inasogea sentimita 3 hivi.

Tafuta picha ambayo ngumi inaondoka ubavuni, kisha rudi nyuma picha kadhaa. Kisigino kilikuwa kimeshaanza kusukuma? Nyonga ilikuwa imeshageuka zaidi ya nusu ya safari? Goti la mbele lilitulia? Bega likiwa limepanda kuelekea sikioni kabla ya lolote kati ya hayo, rudi kwenye zoezi la mikono inayoning'inia, marudio thelathini kila upande, kisha urekodi upya.